Sanduku la tatu: Je, ni lazima?



Ndugu msomaji, barua tuliyoichagua wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Anaeleza kwamba marehemu babake alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi wanafunzi wake walikuwa wakizirekodi darsa zake katika kaseti. Kaseti hizo zilibaki kabatini hadi mwaka jana, ambapo mwanawe aliye kidato cha tatu alizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, kazi iliyommalizia likizo nzima. Sasa familia inatamani kumsikiliza mzee baada ya chakula cha usiku, wote wamekaa pamoja, badala ya kila mmoja kujitenga na simu yake masikioni.

Vyombo wanavyo. Shemeji yake aliporejea kutoka Muscat aliwaletea amplifaya nzito, spika mbili kubwa, na kijisanduku kinachochomekwa kwenye kompyuta ili kugeuza tarakimu kuwa sauti. Amplifaya hiyo, kwa mbele, haina kitu ila swichi ya kuwashia na taa moja. Mwenye duka waliyemwendea kununua waya aliwaambia kuwa hawataweza kuitumia mpaka wanunue sanduku la tatu, yaani priamplifaya, ambayo mafundi huifupisha na kuiita priampu. Bei aliyoitaja inakaribia ada ya muhula mzima ya kijana huyo. Kijana naye akashikilia kuwa hapana haja. Waya uchomekwe moja kwa moja. Wakajaribu. Kilichotoka, kwa maneno ya mama mwenyewe, hakikuwa sauti ya baba bali radi. Bibi akashika kifua, na mtoto mchanga aliyekuwa amelala karibu na spika akaamka kwa kilio kisichotulizika. Tangu usiku ule vyombo vimefunikwa kitambaa. Mume anasema viuzwe. Mama anauliza: nani mkweli, mwenye duka au mwanangu?

Jibu letu ni kwamba kila mmoja wao ameshika nusu ya ukweli, na nusu hizo mbili zikikutanishwa, mzee atasikika bila ya ada ya shule kuguswa. Lakini tusiende mbio. Anayeelewa kazi ya kila chombo ndiye asiyeuziwa asichokihitaji, na ndiye pia asiyeunguza alichonacho.

Kazi ya kila sanduku

Katika safari ya sauti ndani ya nyumba huwa kuna hatua tatu. Ya kwanza ni chanzo: redio, kaseti, santuri, simu au kompyuta. Chanzo hutoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa kufuata sauti. Ya mwisho ni amplifaya ya nguvu, ambayo huupokea umeme huo mdogo na kuuzidisha hadi uweze kuzisukuma spika. Baina ya hizo mbili hukaa priampu. Yenyewe ina kazi nne: kuukuza umeme wa chanzo kilicho dhaifu, kuongeza na kupunguza sauti, kuchagua chanzo kipi kisikike, na kurekebisha sauti nene na nyembamba.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Amplifaya nyingi zilizomo majumbani mwetu, zile zenye kitufe cha voliumu na vitufe vya kuchagulia redio au kaseti, tayari zina priampu ndani yake. Masanduku mawili yametiwa katika sanduku moja. Mwenye amplifaya ya namna hiyo hana haja ya kununua priampu nyingine; achomeke kompyuta au simu yake kwenye tundu la nyuma lililoandikwa jina la CD au AUX, na shughuli imekwisha. Ajihadhari tu na tundu lililoandikwa PHONO, ambalo ni la santuri peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza yeyote anayetaka kukuuzia sanduku la tatu ni hili: je, amplifaya yangu ina voliumu? Ikiwa ipo, mshukuru na urudi nyumbani.

Amplifaya ya mama wa Tanga si ya namna hiyo. Ni amplifaya ya nguvu tupu. Hapo ndipo swali lake linapokuwa na uzito.

Kwa nini priampu ilizaliwa

Zamani vyanzo vya sauti vilikuwa dhaifu mno. Sindano ya santuri ya kawaida hutoa umeme wa takriban milivolti 5, yaani elfu tano ya milioni ya volti moja. Isitoshe, santuri hukatwa kwa makusudi huku sauti nene ikiwa imepunguzwa na nyembamba ikiwa imezidishwa, ili mifereji isije ikaingiliana na ili mkwaruzo wa sindano upungue. Wakati wa kuicheza hapana budi mizani hiyo irudishwe. Kanuni ya kuirudisha iliafikiwa na viwanda vya Marekani mnamo mwaka 1954. Bila ya chombo cha kukuza na kusawazisha, santuri isingesikika ila kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Kipaza sauti cha kushika mkononi nacho hutoa milivolti chache tu. Katika zama hizo, kusema kwamba priampu ni lazima kulikuwa ni kusema kweli tupu.

Mambo yaligeuka mwaka 1982 zilipotoka mashine za kwanza za CD. Chombo hicho kilikuwa kikitoa volti 2 kinapofikia kilele cha sauti, na kipimo hicho kikawa desturi kwa vyombo vingi vya dijitali vilivyofuata. Linganisha: volti 2 ni mara 400 ya milivolti 5. Chanzo cha dijitali si mtoto mchanga anayehitaji kubebwa mgongoni. Ni mtu mzima mwenye sauti nzito, na mara nyingi anachohitaji ni mtu wa kumwambia apunguze.

Tulipime hilo kwa hesabu. Chukua amplifaya inayozidisha umeme mara 20, kiasi cha kawaida kwa amplifaya za nyumbani, na yenye uwezo wa wati 50 kwa spika ya ohm 8. Ili itoe wati hizo 50, inahitaji kuipa spika volti 20. Basi volti 1 tu ikiingia mlangoni, amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake. Chanzo kinachotoa volti 2 kinaidai volti 40, ambazo haina. Kwa hiyo priampu, ingawa jina lake ni la kukuza, ikiunganishwa na chanzo cha dijitali kazi yake kubwa huwa ni kupunguza. Hii ndiyo nusu ya ukweli aliyoishika kijana: nguvu za ziada hazihitajiki.

Nusu aliyoishika mwenye duka

Lakini kijana aliisahau nusu ya pili. Kama hapana haja ya kukuza, ipo haja ya kushika hatamu. Usiku ule, voliumu ya kompyuta ilikuwa juu kabisa, na hapakuwa na kitu chochote kati yake na spika. Amplifaya ikadaiwa isichoweza kutoa. Ikifika hapo, vilele vya mawimbi hukatwa vikawa bapa, na amplifaya ya wati 50 inaweza kumwaga nguvu zinazokaribia maradufu ya hizo. Spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele, huungua kwanza.

Mwandishi wa safu hii analijua hilo kwa hasara yake mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha kompyuta na amplifaya moja kwa moja, nikawa napunguza sauti kwa programu ya kuchezea tu. Mpwa wangu akafungua programu nyingine, ambayo haikujua lolote kuhusu kipimo nilichokiweka. Ukelele ulikuwa wa sekunde mbili. Tangu siku ile hadi nilipopata pesa ya kubadilisha spika, kila msemaji nyumbani kwangu alisikika kama anayezungumza akiwa ndani ya mtungi.

Spika hununuliwa nyingine, sikio halinunuliwi. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 88 kwa aliye umbali wa mita moja. Ikipewa wati 50, hufikia desibeli 105. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, NIOSH, imeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 105 mtu hubakiwa na muda usiotimia dakika 5, na huo ni mpaka wa mtu mzima aliye kazini, si wa mtoto mchanga aliyelazwa chini ya spika. Ndiyo maana namwambia mama huyu kwamba hofu ya mumewe si ya kubezwa.

Je, kupunguza kwa kompyuta huiharibu sauti?

Mwenye duka alitoa hoja moja zaidi, nayo inastahili kujibiwa kwa haki. Alisema kuwa ukipunguza sauti kwa kompyuta badala ya priampu, unazipunguza pia tarakimu zenyewe, na sauti hupoteza utamu. Kimsingi hoja hiyo ina ukweli. Sauti ya CD huandikwa kwa biti 16, zinazotoa ngazi 65,536 za kupanda na kushuka, sawa na desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa. Kila biti moja ina thamani ya desibeli 6. Ukipunguza sauti nusu kwa tarakimu, umeitoa biti moja.

Sasa tazama. Mtu anayesikiliza mazungumzo sebuleni hahitaji zaidi ya wati 1. Ili amplifaya yetu itoe wati 1, volti 0.14 zinatosha kuingia. Kuzishusha volti 2 hadi 0.14 ni kupunguza kwa desibeli 23, yaani takriban biti 4. Kati ya biti 16 zimebaki 12, sawa na desibeli 72 hivi. Kwa rekodi safi ya studio, msikilizaji makini ana haki ya kulalamika. Kwa kijisanduku kinachopokea biti 24, na kompyuta iliyopangwa itoe biti hizo 24, hubaki biti 20, na hapana sikio litakalozililia zile nne.

Na kwa darsa za mzee? Kaseti ya kawaida ina takriban desibeli 50 tu kati ya sauti yake kubwa na mvumo wake. Kwa maneno mengine, mvumo wa utepe wenyewe uko juu sana kuliko kasoro yoyote inayoletwa na kupunguza tarakimu. Priampu ya bei ya ada ya muhula haiwezi kuirejesha herufi hata moja ambayo kaseti haikuinasa. Hilo mwenye duka alipaswa kulisema, maana mnunuzi alimweleza anataka kusikiliza nini.

Wakati ambapo sanduku la tatu ni la lazima

Tusije tukaeleweka kuwa priampu ni ulaghai. Wapo ambao hawawezi kuiepuka. Wa kwanza ni mwenye santuri au kipaza sauti, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza. Wa pili ni mwenye vyanzo vingi, ambaye hataki kuchomoa na kuchomeka waya kila jioni. Wa tatu ni yule ambaye chanzo chake hakina voliumu yoyote, kama baadhi ya mashine za CD zinazotoa volti 2 daima. Wa nne ni yule ambaye amplifaya yake iko mbali na chanzo. Waya mrefu hunyonya sauti nyembamba iwapo chanzo hakina msukumo wa kutosha, na priampu nzuri huwa na msukumo huo. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa mlango wa amplifaya uwe angalau mara 10 ya ukinzani wa mlango wa chanzo. Namba hizo mbili huandikwa katika vitabu vya vyombo hivyo, na kijana wa kidato cha tatu hashindwi kuzigawanya.

Mama wa Tanga hayumo katika makundi hayo. Chanzo ni kimoja, kina voliumu, na kinakaa meza moja na amplifaya.

Dawa ya bei ndogo

Basi kinachohitajika ni hatamu isiyotegemea kompyuta. Ipo, nayo ni rizista mbili kwa kila upande, kushoto na kulia. Mpelekeeni fundi redio anayejua kulehemu vizuri, mwambieni atengeneze waya wa kupunguza desibeli 20. Rizista ya ohm 9,100 ikae katika njia ya sauti itokayo kwenye kijisanduku, na baada yake, upande wa amplifaya, rizista ya ohm 1,000 iunganishe njia hiyo na waya wa ardhi. Umeme unaoingia utagawanywa kwa 10 hivi. Rizista hizo nne ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika duka la vifaa vya redio. Gharama kubwa itakuwa ni ufundi na vichomeo. Waya huo ukae kati ya kijisanduku na amplifaya. Kamwe usiwekwe kati ya amplifaya na spika, kwani huko umeme ni mkubwa na rizista hizo zitaungua.

Angalieni faida zake. Volti 2 zinakuwa volti 0.2. Zikizidishwa mara 20 zinakuwa volti 4, ambazo kwa spika ya ohm 8 ni wati 2. Basi hata kompyuta ikipandwa na wazimu, hata mtoto akibonyeza asichokijua, spika haitatoa zaidi ya wati 2. Radi ya usiku ule haitarudi. Faida ya pili ni kwamba wati 1 sasa inapatikana voliumu ikiwa karibu na juu, desibeli 3 tu chini ya kilele. Kwa hiyo zile biti 4 zilizokuwa zikipotea zimerudi karibu zote. Hatamu na utamu vimepatikana kwa pamoja. Kikwazo kimoja tu ndicho nikitaje: siku mtakapotaka sauti ya kujaza ua mzima, itawabidi kuuondoa waya huo. Kwa sebule, sioni siku hiyo.

Kabla ya hapo, soma kitabu cha amplifaya yenu. Kama inazidisha zaidi au pungufu ya mara 20, hesabu itabadilika, lakini njia ni ile ile.

Desturi tano za kushika

Kwanza, washeni chanzo kabla, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Kishindo kinachotoka chanzo kinapowashwa hakitafika kwenye spika. Pili, umeme ukikatika, mtu ainuke azime swichi ya amplifaya, kwani ukirudi vyote huwaka kwa pamoja na hapana ajuaye kompyuta itaamka na voliumu gani. Tatu, kila jioni anzeni na voliumu chini, kisha mpandishe polepole. Nne, mkitumia simu badala ya kompyuta, zimeni mtandao wake kwanza; mlio wa simu haujui adabu ya darsa. Tano, mtoto mchanga asilazwe karibu na spika hata kama vyombo ni salama, na sauti isivuke ukuta ikamkera jirani.

Mama yetu, usiuze vyombo, na usiguse ada. Mwanao hakukosea kwa kusema waya uende moja kwa moja. Alikosea kwa kutoweka hatamu. Mpe yeye mwenyewe kazi ya kwenda kwa fundi na karatasi hii, asimame pale aone rizista zinavyowekwa, maana aliyezihamisha kaseti zote zile amestahiki kuikamilisha kazi yake. Kisha toeni kitambaa, mkae, na mumsikilize mzee. Mtausikia mvumo wa utepe nyuma ya maneno yake, na huenda mtasikia jogoo wa mtaani siku aliporekodiwa. Msihangaike kuuondoa, hapana sanduku linalouzwa la kuuondoa mvumo huo bila kuondoka na sehemu ya sauti yake.

Wabillahi tawfiiq.